Mwadila ya Asubuhi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja, refu, la mbao nzito ambazo zamani zilikuwa sakafu chini ya mashine ya kufunga marobota. Jineri ya pamba ilipofungwa, mashine zilibaki ndani zikila kutu, lakini mbao zilipata miguu. Zilitoka, zikavuka barabara, zikakaa mbele ya jiko la Shida muuza kahawa, hapo hapo Bariadi mjini, zikitazamana na lango la kiwanda lililofungwa kwa mnyororo. Jua likianza kuegemea upande wa magharibi, benchi linajaa. Yupo Selestini, aliyekuwa karani wa jineri, anayeitwa Bi-Bi-Sii kwa sababu kila neno lake amelisikia redioni, na asilolisikia hulitangaza vivyo hivyo. Yupo Thomasi, anayeitwa Katekista ingawa kanisani hukaa mlangoni. Yupo Joakim, kijana wa mitumba na saa za kengele za kutoka Dubai, ambaye akiulizwa kwa nini bei imepanda hujibu "soko huria", basi jina likamganda. Na yupo Nyanda, mrefu kama nguzo ya simu, anayeitwa King'ora. Huyu enzi za jineri alikuwa akikiigiza king'ora cha kiwanda kwa mdomo wake, harusini na kwenye ngoma, mpaka mbwa wanakimbia na wazee wanatafuta viatu. Siku hizi haigizi. Tangu kile cha kweli kinyamaze, alisema, hakuna cha kuigiza.

Siku hiyo King'ora alifika wa mwisho, uso ameukunja, mikono mgongoni.

— Mwadila, King'ora! — Soko Huria alimwita kabla hajakaa.

— Usinisalimie hivyo.

— Sasa saa tisa alasiri hii, ngosha, mwanamume mwenzangu, nikusalimie vipi? Nikuambie mwangaluka, kama jogoo?

— Nimesema nyamaza. Shida, nipe kahawa. Nyeusi kuliko mdomo wa huyu.

Hawakujua kwamba neno hilo lilikuwa limemkwaruza tangu asubuhi. Msukuma ameukata mchana vipande viwili kwa salamu: kunapokucha ni mwangaluka, jua likishapita utosini ni mwadila. Mtoto mdogo hakosei. Lakini asubuhi ile, Nyanda alipotoka ndani akifikicha macho, mkewe Felisita aliyekuwa uani akipepeta mtama aliweka ungo chini, akakunja magoti kwa adabu zote, akasema taratibu: "Mwadila, baba." Hakupaza sauti. Hakucheka. Waliocheka ni majirani, ng'ambo ya ua, kwa niaba yake.

— Kwa hiyo lori limekuacha tena, — alisema Katekista.

— Limeniacha.

— Mara ya pili.

— Nashukuru kwa kunisaidia kuhesabu. Msimamizi amesema kesho ndiyo mwisho. Lori likifika pale langoni halijaniona, mizani anapewa mpwa wa dereva.

Hapo maneno yalikuwa yamegusa mfupa. Baada ya jineri kufungwa na wote kupunguzwa kazini, ni King'ora peke yake aliyepata pa kushika. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakatafuta mtu wa kupima pamba vijijini, wakampata yeye. Lori hupita langoni saa kumi na moja alfajiri, mizani ndani yake, humbeba yeye na kuelekea Mwamapalala. Halipigi honi. Halingoji mtu. Siku za kwanza hofu ya kazi mpya ilimwamsha; hofu ilipoisha, akaanza kutafuta cha kumwamsha.

— Lakini mimi nilikupa saa, — alisema Soko Huria. — Nilikuazima bure, mali ya Dubai. Ikawaje?

— Saa yako ina wazimu.

— Saa haina wazimu, ngosha. Mwenye saa ndiye.

— Ililia, nikaamka. Nikaoga maji ya baridi, nikavaa, nikaenda langoni. Nikamkuta mlinzi anakula ugali. Ananiuliza, "Vipi tena?" Namwambia nangoja lori. Akaacha tonge hewani. Akaniambia, "Kaka, redio bado haijafunga matangazo." Nikarudi kulala, na lori likapita.

— Kengele uliiweka wapi?

— Kwenye kumi na moja. Si ndiyo saa ya lori?

— Kumi na moja ipi?

— Iliyoandikwa!

Benchi zima likatikisika. Shida alilazimika kushika birika.

— Ngosha! — Soko Huria alilia kwa kicheko. — Kumi na moja ya alfajiri inakaa kwenye tano! Wewe umeamshwa saa tano ya usiku!

— Kusoma saa najua! Mishale ile miwili naigeuza kama watu wote. Lakini ule wa tatu, mwekundu, mfupi, wa kengele... nilidhani ule ni wa kwetu.

— Wa kwetu vipi?

— Kwamba husemi naye kwa kugeuza. Unamwambia kitu kama kilivyo.

— Ndiyo maana wahenga walisema, — Katekista aliinua kidole, — mtaka cha uvunguni sharti ainame. Saa ungeiweka uvunguni.

— Ingenisaidia nini uvunguni?

— Ungeinama. Mtu aliyeinama halali.

King'ora alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuuziwa dawa na mganga huyo huyo.

— Wewe usiseme. Baada ya saa kunikosesha lori, jana si nilikufuata wewe? Ukaniambia nisali, roho za toharani zitaniamsha.

— Na huwa zinaamsha! Marehemu bibi yangu hakuwahi kukosa misa ya kwanza. Ulisali?

— Nilisali. Baba Yetu moja, Salamu Maria moja.

— Ulitaja jina la roho?

— Nilimtaja marehemu mjomba Mayige.

Katekista alijishika kichwa.

— Mayige! Mayige aliyesinzia kwenye harusi yake mwenyewe?

— Ndiye marehemu ninayemjua vizuri.

— Basi kosa ni lako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ungemwita aliyewahi kufanya kazi za zamu.

— Hapo mgema ameingiaje?

— Ameingia kwa sababu na yeye huamka mapema. Nyie watu hamtafakari.

— Dawa ni maji, — alisema Soko Huria. — Unakunywa kata tatu kabla ya kulala. Kibofu hakihitaji betri, hakihitaji sala, na umeme ukikatika chenyewe hakikatiki.

— Kitaniamsha saa nane, nikirudi kulala ndiyo basi.

— Basi kakope. Kopa kwa mtu mkali. Usiku wa deni haukawii kucha. Si wahenga hao? Ukikopa sana, kutakucha hata kabla hujalala.

— Jogoo je? — Shida aliuliza kutoka jikoni, akipuliza makaa.

— Jogoo nilimleta mimi, kutoka Mwamapalala, — alisema Katekista kwa huzuni. — Jogoo mzuri, mwekundu. Amekaa kwangu tangu mvua za kwanza, hajafungua mdomo. Jogoo wa shamba hawiki mjini. Nilidhani ni methali, kumbe ni tangazo.

Wakati wote huo Bi-Bi-Sii alikuwa amefumba macho, kikombe kinamfukiza pua. Sasa alikohoa, na walipomsikia amekohoa walijua taarifa ya habari inaanza.

— Ninyi mnatafuta mchawi, na mchawi ni sera. Sikilizeni. Zamani usingizi ulikuwa wa ushirika. King'ora kilikuwa kimoja, kinalia pale, anaamka fundi, anaamka meneja, anaamka mwalimu, anaamka hata mgonjwa ambaye hakuwa na haja. Hapakuwa na mtu wa kumzidi mwenzake kwa kuamka. Leo wamesema mlango wazi, kila mtu ajiamshe kwa uwezo wake. Mwenye saa na saa yake. Mwenye jogoo na jogoo wake. Na asiye na kitu?

— Analala, — alisema Shida.

— Analala! Halafu anaitwa mvivu!

King'ora alipiga paja. Neno hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi, tangu ungo ule uwekwe chini.

— Mvivu! Msimamizi ameniambia hivyo hivyo, ndevu zenyewe hajaota. Ati watu wa jineri tulizoea kulelewa. Mimi? Mimi niliyebeba robota kwa mgongo huu? Nimeamka alfajiri tangu huyo mtoto hajazaliwa, na sikuwahi kuchelewa hata zamu moja. Sikuzoea kulala mimi. Nilizoea kuamshwa. Hayo ni mambo mawili!

— Mambo mawili kabisa!

— Enyi wenye jineri, king'ora kiliponyamaza mlikuja kuniuliza? Mlinipa muda masikio yangu yazoee? Mnazima tu, halafu asubuhi mnataka mtu wima!

— Tena sema!

— Na hamjajua bado kilipo, — alisema Bi-Bi-Sii, akashusha sauti, akatazama huku na huku kana kwamba barabara ina masikio. — King'ora chetu kimeuzwa. Kipo Ulaya. Wanaamshia wazee wao waliostaafu. Sasa jiulizeni: wale wazee wakiamshwa, usingizi waliokuwa wanalala unakwenda wapi?

Bi-Bi-Sii akanywa kahawa funda moja, akaendelea.

— Usingizi haupotei. Unahamishwa. Unapakiwa, unashushwa bandarini, unakuja kwetu. Huu tunaolala siku hizi ni usingizi wa mtumba. Wenzetu wameshaulala. Ndiyo maana ni mzito hivi: ulitengenezwa kwa nchi za baridi!

— Uongo, — alisema Soko Huria. — Ungekuja kwa robota, ningekuwa nauuza.

— Unauuza. Wewe umewahi kumwona mtu aliyevaa koti lako akaamka mapema?

Wakacheka, na katika kicheko hicho King'ora alisimama. Alisimama barabarani, mbele ya benchi, mikono mgongoni, kifua mbele, akaligeukia lango lile lenye mnyororo kana kwamba nyuma yake wamejipanga wote waliokizima king'ora.

— Basi sikilizeni. Kesho nalala. Nalala kwa makusudi! Nalala mpaka jua linichome tumbo. Lori ni lao, usingizi ni wangu!

— Mgomo! — Soko Huria alirusha kofia juu. — Na mimi nalala!

— Wewe kila siku unalala, — alisema Shida.

— Lakini kesho nalala kwa msimamo!

— Aliyelala usimwamshe, — Katekista alitangaza kama anafunga sala, — ukimwamsha utalala wewe. Maana yake, huyo msimamizi akija kukuamsha atalala yeye, na sisi tutachukua lori.

Walishangilia. King'ora naye alishangilia, kwa mdomo. Moyoni palikuwa na kitu kidogo kinakwaruza, kama jiwe kwenye kiatu. Alijua benchi lile. Alijua kwamba mtu huja hapo alasiri akiwa anatoka mahali, na siku akipoteza mahali pa kutoka huanza kuja adhuhuri, kisha asubuhi, kisha mbao zinamzoea umbo. Bi-Bi-Sii alikuwa na alama yake tayari, pale mwisho, palipong'aa.

Ndipo alipotokea mama mmoja.

Alishuka kwenye lori la mahindi pale njia panda, akaja kwa miguu, vumbi jekundu mpaka magotini, nyuzi nyeupe za pamba zimemshika kwenye kitambaa cha kichwa. Alipolifikia benchi aliinama kidogo.

— Mwangaluka, baba zangu.

Wakatazamana. Soko Huria hakuweza kujizuia.

— Mayu, mama yetu, jua lile pale linashuka! Sema mwadila.

— Mwadila anaambiwa aliyeuona mchana, — mama alijibu bila haraka. — Sisi kwetu bado hakujakucha.

— Kwenu wapi huko kusikokucha?

— Mwamapalala. Naitwa Ng'washi. Natafuta ofisi ya hawa wenye lori la pamba.

King'ora alishusha kikombe. Alikuwa bado amesimama.

— Una shida gani nao, mayu? — aliuliza Katekista.

— Mtu wa mizani haji. Jana tulibeba mafurushi yetu gizani, tukafika ghalani, tukakaa. Lori likaja, mizani ikashushwa, mtu hayupo. Leo vilevile. Dereva akasema atapima yeye. Tukakataa.

— Mlikataa? Pamba si ipimwe tu, mpate chenu mwende?

— Msimu uliopita tulipimiwa na mtu tu. Alikuwa anaegemea mizani kwa tumbo, mara mguu wake unapotea chini. Pamba ya mwaka mzima inakwenda na mguu wa mtu! Safari hii tumesema, tunapimiwa na yule mmoja au tunabaki juu ya mafurushi yetu. Wenzangu wamebaki pale. Wengine walilala hapo hapo, ng'ombe wasije wakala pamba. Dereva katutukana. Tumemwambia, tukana, hatushuki.

— Yule mmoja yupi? — aliuliza Bi-Bi-Sii, ingawa sauti yake ilikuwa imeanza kujua.

— Mimi simjui kwa sura, ndiyo mara yangu ya kwanza kuleta msimu huu. Lakini wenzangu wamenieleza. Wanasema ni mrefu, alikuwa jineri. Akishaweka furushi anarudi nyuma hatua, anafunga mikono mgongoni, watu wote wauone mshale unavyotulia peke yake. Ndipo anasoma. Anaposoma, mikono iko nyuma.

Macho ya Bi-Bi-Sii, ya Katekista, ya Soko Huria, na hata ya Shida jikoni, yote yaligeuka taratibu yakamtazama mtu mrefu aliyesimama barabarani. King'ora akaileta mikono yake mbele, haraka, kama aliyekamatwa nayo. Kisha hakujua aiweke wapi. Akairudisha nyuma.

— Ni mimi, mayu, — alisema.

Ng'washi alimtazama. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, na safari ilikuwa ndefu.

— Unaumwa, baba?

— Siumwi.

— Umefiwa?

— Hapana.

— Basi nini?

King'ora alitazama lango. Maneno yote ya alasiri ile yalikuwepo, Ulaya na toharani na Dubai, na hakuna hata moja lililokubali kupanda kooni. Likapanda la kweli.

— Zamani kulikuwa na king'ora pale. Kilikuwa kinatuamsha. Siku hizi hakilii.

— Kilikuwa kinalia chenyewe?

— Hapana. Alikuwepo mzee wa kukipiga. Mzee Luhaga.

— Na yeye aliamshwa na nani?

Mama aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyouliza njia. Lakini swali lile lilikaa katikati ya benchi, na kila mtu akasogea kidogo kulipisha.

— Na mkewe, — alisema Soko Huria.

— Luhaga hakuwa na mke, — alisema Katekista.

— Basi alikuwa halali.

— Alikuwa analala vizuri tu. Saa mbili usiku unamsikia anakoroma kule kwenye chumba cha boila.

— Labda, — Bi-Bi-Sii alianza, akakohoa, — labda kulikuwa na king'ora kingine, kidogo, cha kumwamsha mwenye king'ora kikubwa.

— Na hicho kidogo alikipiga nani? — mama aliuliza.

Bi-Bi-Sii alifungua mdomo. Miaka yote ya kijiwe hakuna aliyewahi kumwona amefungua mdomo kisha akaufunga bila habari. Siku hiyo walimwona. Katekista alitafuta methali, akaipata, akaigeuza, akaiacha. Soko Huria alizungusha ufunguo wa saa ambayo tayari ilikuwa imejaa. Mwisho alisema Shida, akiinamisha birika mpaka tone la mwisho:

— Kahawa imeisha.

Ng'washi alikaza kitambaa chake. Ofisi hakuiulizia tena. Pale njia panda lori la mahindi lilikuwa limegeuza na lilikuwa linapakia watu wa kurudi.

— Mimi narudi kukaa juu ya furushi langu, — alisema. Kisha akamgeukia King'ora, akakunja magoti kwa adabu zote, vilevile kama Felisita, vilevile bila kupaza sauti.

— Mwadila, baba.

Akaenda zake.

Alfajiri iliyofuata, Felisita alisikia komeo la mlango likitoka. Akainua kichwa gizani. Mume wake alikuwa amesimama kizingitini, amevaa, viatu mkononi.

— Mwangaluka, — alimwambia yeye kwanza, kabla hajawahiwa.

Nini kilichomwamsha, mwenyewe hakujua vizuri. Saa ya Dubai ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Maji hakunywa. Marehemu Mayige alimwacha apumzike. Alikumbuka tu kwamba alilala akimfikiria mzee Luhaga kule kwenye boila, mtu mmoja peke yake aliyetangulia kuamka ili mji uwe na wa kumlalamikia. Na alipofungua macho kulikuwa kimya kabisa, na kimya kile kilimjia kama vile kinamsubiri.

Alikwenda mpaka langoni. Mnyororo ulikuwa na umande. Upande wa pili benchi lilikuwa tupu, na mji wote ulikuwa umelala, umelala kwa msimamo. King'ora alifunga mikono mgongoni, akatanua miguu, akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika.

— Wuuuuuuuuuuuuu!

Ilianza chini, kama ile ya zamani. Ikapanda, ikapita mapaa ya mabati, ikakaa huko juu ikitetemeka, ikashuka polepole kama mtu anayetua mzigo. Mbwa wakaitikia. Mahali fulani jogoo wa Katekista, aliyekuwa bubu tangu mvua za kwanza, akawika mara moja kwa hofu. King'ora akapiga tena. Vibatari vikaanza kuwaka, dirisha hili, dirisha lile. Milango ikafunguliwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi-Bi-Sii. Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, shati jeupe la ukarani amelivaa na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

— Wamefungua? — aliuliza, anahema. — Jineri, wamefungua?

King'ora alimtazama shati lile, lilivyopigwa pasi, lilivyokuwa linangoja.

— Hapana, Selestini. Ni mimi.

Bi-Bi-Sii alisimama. Akalitazama lango, akauona mnyororo. Hakuvua shati. Alijinyoosha kola, akabaki hapo hapo.

Wengine walikuja kwa matusi. Soko Huria alikuja na shuka kiunoni, anauliza kama kuna moto. Katekista alikuja na rozari mkononi, anauliza kama ni siku ya mwisho. Nyuma yao watu wa mtaa, wake kwa waume, waliokuwa wanatafuta jiwe la kurusha. Wakati huo taa mbili za lori zilipinda kwenye kona, zikawamulika wote, zikasimama. Dereva alitoa kichwa nje. Mpwa wake alikuwa ameketi kando yake, tayari, amechana nywele.

— Shuka, kijana, — King'ora alimwambia. — Mwenye mizani amefika.

Kijana akashuka; King'ora akapanda nyuma, kando ya mizani yake, akasimama wima.

— Wewe mwendawazimu! — Soko Huria alipaza sauti kutoka chini. — Tulikubaliana kulala! Nani kakuamsha?

Lori lilianza kusogea. King'ora aliwatazama wote pale chini, mashuka na makoti ya mtumba na lile shati moja jeupe, mikono yake ikiwa nyuma ili waione vizuri.

— Mwangaluka! — aliwatupia.

Walikuwa na hasira, walikuwa na usingizi, na mbingu ya upande wa mashariki ilikuwa bado haijakata shauri. Lakini Msukuma hakatai salamu. Mmoja mmoja, kwa kununa, kwa kupiga miayo, mlango kwa mlango, wakaitikia mwangaluka, mwangaluka, mpaka sauti zikalipita lori na kutangulia mbele, kwenye barabara ya Mwamapalala, kulikokuwa na watu wamekaa juu ya mafurushi yao wakingoja kukuche.